Kiti cha Dirishani

Alama ilikuwa chini ya kiwiko cha kushoto, ya zambarau, pembeni imeanza kugeuka kijani, na Zilpah aliiona kabla hajamaliza kuvua mkono wa gauni la kulalia la Bibi Maureen. Aliacha sponji kwenye beseni, akatoa mfukoni ile rula ya karatasi wanayopewa wafanyakazi, akaipima. Sentimita tatu kwa mbili.

"Umejigonga wapi, darling?" alimuuliza.

Bibi Maureen, mwenye miaka tisini na mmoja, alisema hajajigonga popote, na kwamba chai ya leo ilikuwa ya baridi.

Katika nyumba ile ya wazee, hapo Campbelltown, jeraha haliachwi likapita hivi hivi. Kuna karatasi yenye mchoro wa mtu asiye na sura, mbele na nyuma, na anayeona alama huichora mahali pake, akaandika ukubwa, rangi, saa, na jina lake mwenyewe chini. Wenzake waliichukia kazi hiyo kwa sababu ilikula muda wa chai. Zilpah aliipenda. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kuruka alama hata moja, na kila walipoletwa wafanyakazi wapya, meneja alimtuma yeye awafundishe. "Usianze kuuliza nani kafanya," aliwaambia. "Andika ulichoona. Basi."

Simu ilitetemeka mfukoni mara mbili akiwa anachora. Hakuitazama. Alimaliza kumwogesha Bibi Maureen, akamvalisha sweta la samawati analolipenda, akaenda nje kwenye maegesho ya magari, akavua barakoa na ile ngao ya plastiki iliyomwachia mistari mashavuni. Ilikuwa mwisho wa Agosti 2021. Sydney ilikuwa imefungwa, na Campbelltown imefungwa zaidi ya kwingine. Mtu hakutoka bila sababu, na sababu yenyewe iwe imeandikwa. Zilpah alikuwa na karatasi yake ya ruhusa ya kazi ndani ya pochi, imekunjwa mara nne.

Aliipigia ile namba iliyokuwa imempigia. Ilikuwa ya wakili wa msaada wa kisheria, mwanamke mwenye sauti ya haraka lakini isiyo na ukali, na alisema anamtetea Nkatha.

Zilpah aliegemea gari la mtu.

Mwaka mzima Nkatha hakuwa amemsemesha. Huyu ni binti ambaye Zilpah alimsimamia harusi huko Nakuru, aliyemfunga shela kwa mikono yake, ambaye tangu siku hiyo alimwita "Mum". Baadaye Nkatha na mumewe Kiprono walihamia Auckland, na Zilpah na mzee wake Ishmael walikuwa wameshatangulia Sydney, lakini simu zilipigwa kila Jumapili. Kisha Aprili, New Zealand na Australia zilipofunguliana mipaka kwa miezi ile michache, Nkatha alisubiri Kiprono aende kazini, akambeba mtoto wao Shirleen na masanduku mawili, akapanda ndege hadi Sydney. Na alipofika Sydney hakwenda Campbelltown kwa Mum wake. Alikwenda Doonside, kwa Emérance, Mkongomani aliyewahi kufanya kazi naye. Zilpah alipopata habari hizo kwa watu alinuna wiki nzima. Alisema hajui kosa lake. Hapo alikuwa anasema uongo, ila uongo huo alikuwa bado anajiambia yeye mwenyewe.

"Baba wa mtoto ameomba Shirleen arudishwe," wakili alisema. "Kuna mkataba kati ya nchi na nchi. Mtoto akitolewa anakoishi bila mzazi wa pili kukubali, anarudishwa upesi, halafu mahakama za kule ndizo zinaamua alelewe na nani. Hapa hawaamui nani mzazi mwema. Wanaamua arudi au asirudi."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, lakini ni nyembamba. Tuthibitishe kwamba kurudi kutamtia mtoto kwenye hatari kubwa ya kudhurika. Nkatha anasema nyumba ile ilikuwa ya kipigo na mtoto alikuwa anakiona. Hakwenda polisi, hakwenda hospitali. Baba anakana, na ameleta video. Na hata tukiaminiwa, watasema New Zealand nako kuna polisi wa kumlinda. Kwa hiyo nahitaji mtu aliyeona."

Hakuhitaji kuambiwa ni video gani. Uso ulimchoma, na hakuna aliyekuwa anamtazama isipokuwa kunguru mmoja juu ya pipa la taka.

"Nitaongea na mume wangu," alisema, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao ya miaka thelathini na minne alikuwa anajificha nyuma ya Ishmael.

*

Lazima isemwe kwamba Zilpah alikuwa na sifa, na sifa ile aliilea. Yeye na Ishmael walikuwa wamesimamia ndoa sita. Picha za harusi zote sita zilikuwa ukutani sebuleni, bibi harusi akicheka katika kila moja, na kofia ya Zilpah ikizidi kuwa kubwa kadiri miaka ilivyosonga. Katika sita hizo, hakuna iliyovunjika. Wanawake wa kanisa walimwalika azungumze na mabinti wanaoolewa, na kila mara alifungua kwa sentensi hiyo, na kila mara alipigiwa makofi.

Siri yake haikuwa kubwa. Kwa watu wa kwao, ugomvi wa ndoa hauendi kwa polisi wala kwa mchungaji; unaenda kwanza kwa wasimamizi, na wao huitisha kikao. Zilpah alikuwa na namna yake ya kukiendesha. Mke aanze kujishusha. Mke akishajishusha, mume hupata pa kupitia naye akajishusha, watu wakashikana mikono, chai ikaletwa. Kilichosemwa sebuleni kilikwisha pamoja na chai. Kesho yake hakuna aliyeweza kusema fulani alitamka hivi na hivi.

Kisha ukaja ugonjwa, watu wakafungiwa, na kikao cha Nkatha na Kiprono, Agosti 2020, kikafanyika kwenye Zoom. Kiprono alikirekodi, na skrini iliwaonyesha wote kwamba inarekodi. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kikao kinaweza kurekodiwa. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu haikumjia mtu akilini.

Video ilikuwa ya dakika tatu na nusu. Zilpah na Ishmael waliitazama mezani jikoni, kwenye kompyuta aliyoiacha mtoto wao Ronnie alipohamia Perth. Kwenye vidirisha walikuwamo kaka mkubwa wa Kiprono huko Eldoret, mjomba wa Nkatha huko Meru, wao wawili wakiwa wamebanana kwenye kidirisha kimoja, na Kiprono na mkewe Auckland. Nkatha alikuwa kwenye kona yenye giza, kando ya kabati, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi mashavuni. Kisha Zilpah akaisikia sauti yake mwenyewe.

"Sema kwa kinywa chako, mwanangu, wazee wasikie. Baba Shirleen hakukupiga. Mlikosana maneno tu."

"Hakunipiga," Nkatha alisema kwenye giza lake. "Nilijigonga kwenye kabati. Nisameheni wote."

"Amina. Haya, mshike mkono mume wako."

Pamoja na video kulikuwa na karatasi za tafsiri kwa ajili ya mahakama, na kila aliposema neno, jina lake lilikuwa limeandikwa pembeni. Zilpah Kerubo. Zilpah Kerubo. Zilpah Kerubo. Aliona aibu kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa tamu. Alikuwa amedhani, miaka yote, kwamba ule ni upole.

Ishmael alifunga kompyuta taratibu. Ni dereva wa basi, mtu wa maneno machache.

"Mama Ronnie, tuliapa madhabahuni kuilinda ile ndoa."

"Tuliapa."

"Na sasa unataka kusimama court uivunje."

"Imeshavunjika, Baba Ronnie. Sisi ndio hatujaambiwa."

"Mimi sikuona kitu siku ile. Hilo naweza kusema mbele ya yeyote."

"Utaonaje? Ulifungua kwa maombi, ukafunga kwa maombi, na katikati ulikuwa umefumba macho."

Ishmael alicheka kidogo kwa pua, kisha akaacha. Alimwangalia mkewe muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Na wewe," aliuliza, "uliona?"

Zilpah aliinuka kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

*

Alitoa maelezo yake kwa simu siku mbili baadaye, siku ambayo hakuwa na zamu. Wakili alimuuliza kama anataka mkalimani wa Kiswahili. Zilpah alikataa upesi. Wakalimani wa Kiswahili wa Sydney aliwajua kwa majina. Wawili waliimba naye kwaya, na wa tatu Zilpah ndiye aliyemsimamia harusi.

"Niambie ulichoona," wakili alisema, na hapo mambo yakawa mepesi, maana alikuwa ameulizwa kwa lugha ya kazini.

"Alama kwenye taya, upande wa kulia. Sentimita nne hivi kwa mbili. Zambarau, pembeni nyekundu. Ya siku moja au mbili, haikuwa imeanza kupauka."

Alisikia wakili akichapa, kisha akaacha kuchapa.

"Uko makini sana."

"Ndiyo kazi yangu," Zilpah alisema, na akajikuta ameona fahari, na fahari ile ikageuka aibu kabla hajameza mate.

"Kwenye video haionekani. Uliiona saa ngapi?"

"Mwanzoni. Wengine walikuwa hawajaingia."

"Na mtoto?"

"Alikuwa miguuni pa mama yake, na mto wake. Baba alipoingia chumbani alisema tu habari zenu, tena kwa upole. Mtoto akaziba masikio kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyekuwa amepaza sauti. Aliziba kabla."

Wakili alichapa mpaka mwisho. Aliposema tena, sauti yake haikuwa na haraka. Alisema hilo la masikio ndilo mahakama inapaswa kulisikia, kwa sababu kesi ni ya mtoto, si ya mama.

Maelezo yalikuwa aya tisa, na kila aya ilikuwa kweli. Zilpah aliyasoma mara mbili, akayatia sahihi mbele ya kamera. Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwamo. Alijiambia kwamba hakuulizwa. Wafanyakazi wapya angewafukuza mbele yake kwa jibu kama hilo.

*

Kesi ilisikilizwa Septemba, siku ya Alhamisi, kila mtu akiwa kwake. Shahidi alitakiwa awe peke yake chumbani, kwa hiyo Ishmael alichukua gazeti akaenda kukaa kwenye gari hapo nje, injini ikiwa imezimwa, kama mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake. Zilpah alivaa gauni lake la Pasaka na kuweka Biblia kando ya kompyuta. Aliingizwa saa nne na robo.

Jaji alikuwa mwanamke mwenye miwani na nywele za mvi, nyuma yake rafu ya vitabu. Kulikuwa na mawakili wawili. Kiprono alikuwa Auckland, shati jeupe, ukuta mtupu nyuma yake. Alimwona Zilpah akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo, jinsi alivyomsalimia siku zote, na Zilpah karibu atabasamu pia, kwa mazoea. Huyu alikuwa mtoto wa shule ya Jumapili ya Ishmael. Hakuwahi kusahau siku ya kuzaliwa ya Zilpah hata mwaka mmoja.

Nkatha alikuwa Doonside. Alikuwa amekonda, amekata nywele. Hakuinamisha kichwa wala hakutabasamu.

Zilpah aliapa. Wakili wa upande wa kurudisha mtoto alianza, mwanamume mpole ambaye hakupaza sauti hata mara moja.

"Bi Kerubo, wewe ni mhudumu wa wazee kwa miaka kumi na mmoja."

"Ndiyo."

"Ukiona alama kwenye mwili wa mzee, unatakiwa kufanya nini?"

"Kuichora, kuiandika, na kutoa taarifa kabla zamu haijaisha."

"Umewahi kuacha?"

"Sijawahi," alisema, na sifa yake ilijibu kabla hajafikiri.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Wakili alifungua karatasi. "Tarehe ishirini na mbili Agosti mwaka jana, kwa maelezo yako, uliona alama ya sentimita nne usoni mwa mwanamke unayemwita mwanao. Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Uliiandika popote?"

"Hapana."

"Ulimpigia daktari? Polisi? Uliwaambia wazee waliokuwa kwenye kikao?"

"Hapana."

"Badala yake, dakika chache baadaye, tunakusikia ukimwambia aseme hakupigwa."

"Ndiyo."

"Mtu ambaye hajawahi kuacha alama hata moja." Aliiacha sentensi ikae. "Naomba nikueleze ninavyoliona jambo hili, Bi Kerubo, nawe utanisahihisha. Hukuiandika kwa sababu haikuwapo. Umeombwa msaada na binti unayempenda, umefikiria siku ile, na umekumbuka kitu ambacho hukukiona. Hakuna anayekulaumu. Chumba kilikuwa na giza. Inawezekana ulikosea?"

Alikuwa amemfungulia mlango, tena kwa adabu. Angesema inawezekana, na yote yangekwisha. Angebaki mama mwema aliyezeeka macho. Kanisani wasingesikia lolote. Na mtoto angepakiwa kwenye ndege pamoja na mto wake.

"Chumba hakikuwa na giza," Zilpah alisema.

"Tumeiona video sote."

"Hiyo ni baadaye. Giza nililiweka mimi."

Jaji aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake, akasema, "Endelea, Bi Kerubo. Usiharakishe."

Zilpah alitazama kamera, kwa sababu hakuweza kutazama vidirisha.

"Mimi na Nkatha tuliingia mapema, wengine bado. Alikuwa ameweka kiti dirishani. Kwao ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua lilikuwa linaingia limelala, linampiga hapa." Aligusa taya lake. "Kitambaa alikuwa amekirudisha nyuma. Hajawahi kufunga kitambaa namna ile, masikio yote nje. Nilimwambia ahame. Nilimwambia akae kule kona ya kabati na ashushe kitambaa, mjomba wake asije akamwona vile. Akaniuliza, 'Mum, kwani huoni?' Nikamwambia, 'Naona, ndiyo maana nakwambia uhame.'"

Gari lilipita barabarani.

"Alikuwa amekaa pale makusudi," Zilpah aliendelea, na sauti yake ya utamu ilikuwa imemkimbia, imebaki nyingine ambayo hakuijua. "Hakuweza kusema mbele ya mume wake, kwa hiyo alikaa mahali pa kuonekana. Nilijua. Sikuelewa baadaye, nilielewa wakati ule ule. Alibeba kiti mwenyewe akakipeleka kona, na mtoto akabeba mto akamfuata. Halafu baba akaingia, mtoto akaziba masikio. Halafu wengine wakaingia, tukaomba, na Kiprono akaanza kurekodi."

"Kwa nini ulifanya hivyo?" Jaji ndiye aliyeuliza, na hakuuliza kwa ukali, ingekuwa afadhali angeuliza kwa ukali.

Zilpah alifungua kinywa, na kilichotoka ni sentensi yake ya siku zote, kwa sababu hakuwa na nyingine.

"Nilikuwa nimesimamia ndoa sita, Mheshimiwa. Hakuna iliyovunjika."

Ilikuwa mara ya kwanza kuisema bila kupigiwa makofi. Aliisikia yote, tangu mwanzo hadi mwisho, na aliona aibu mpaka vidole vya miguu, aibu ya mtu aliyetembea mjini siku nzima na gauni limechanika nyuma.

"Sina swali zaidi," wakili alisema.

Zilpah alithubutu kumtazama Kiprono. Tabasamu halikuwapo. Alikuwa ameinama anaandika kitu, na kalamu ilikuwa inabonyeza karatasi. Nkatha alikuwa amefunika kinywa kwa kiganja, na macho yake hayakuonyesha lolote ambalo Zilpah angeweza kulishika.

Mawakili walizungumza tena karibu saa nzima. Mmoja alisema New Zealand ina polisi na mahakama kama hapa, mtoto atalindwa. Mwingine alisema mama aliyefundishwa kukaa gizani haendi polisi, na aliyeshindwa kuonwa na watu wake mwenyewe hataonwa na wageni. Alilitamka jina la Zilpah mara tatu, kwa heshima, na kila mara Zilpah alitikisa kichwa kukubali kana kwamba ameitwa darasani. Jaji alisema atatoa uamuzi baada ya wiki mbili, na kwamba mpaka hapo mtoto asitolewe Sydney. Aliwashukuru wote, akatoweka.

Vidirisha vilianza kufungwa kimoja kimoja. Wakili wa kwanza. Wa pili. Karani. Kiprono alikawia kidogo, akimtazama Zilpah, kisha naye akaondoka bila kuinamisha kichwa. Zilpah alikuwa anatafuta mahali pa kubonyeza, miwani imeteleza puani, na alipoinua macho waliobaki walikuwa wawili tu, yeye na Nkatha.

Nkatha hakuondoka. Alikuwa amekaa tu, mikono mezani.

Zilpah alijua neno linalotakiwa. Alikuwa amewaambia wanawake wangapi walitamke, waanze wao, wajishushe. Alikuwa amemtamkisha huyu huyu. Sasa akatambua kwamba katika vikao vyote alivyoviendesha hajawahi kulisema yeye hata mara moja.

"Nkatha," alisema.

"Mama Ronnie," Nkatha aliitikia. Hakusema Mum.

Mlango ulifunguka nyuma yake. Mtoto aliingia mbio, soksi tupu miguuni, na sauti ya Emérance ikamfuata kutoka ukumbini kwa Kiswahili cha Kongo, ikimwita arudi amwache mama afanye kazi: "Shirleen, kuya huku, acha mama, iko anatumika!" Mtoto hakurudi. Alikuwa amerefuka, ameng'oka jino la mbele. Aliegemea bega la mama yake akatazama kompyuta.

"Mum, who's that?"

Mkono wa Nkatha ulipanda ukashika kiuno cha mtoto, lakini macho yake hayakutoka kwa Zilpah.

"Ni shahidi."

"What's that?"

"Ni mtu aliyeona."

Shirleen alilifikiria jibu hilo. Kisha akaweka viwiko mezani, akasogeza uso karibu, karibu zaidi, mpaka kidirisha kizima kikawa ni macho yake mawili, meusi, yasiyo na haraka. Mkono wa Zilpah ulikuwa umeshafika kwenye kifuniko cha kompyuta. Aliuondoa. Aliulaza mapajani juu ya mwenzake, akanyoosha mgongo, na akakaa pale, bila kuinamisha uso, akamwacha mtoto amtazame.